Jinsi ya kurivyu pachi ya thredi na kufuli bila kudanganywa na difu

Kila wiki swali ni lile lile. Mtu ananitumia pachi usiku, yaani mabadiliko ya msimbo anayotaka yapitishwe, kaongeza myuteksi mahali (kufuli ya kuzuia thredi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, zisiguse data ile ile kwa pamoja), anauliza "kaka hii si iko salama sasa?" na mimi nashindwa kusema ndio wala hapana kwa sababu ninachoona kwenye simu ni difu tu, mistari 6 ya kijani iliyoongezwa na miwili myekundu iliyofutwa, basi. Nimechoka kueleza kwa sauti za WhatsApp, dakika nne nne, wengine hawasikilizi mpaka mwisho, kwa hiyo nimeandika mara moja na ukiniuliza tena ntakutumia hii.

Ni kwa ajili ya wanaorivyu, yaani wanaokagua, msimbo wa chini chini: C, C++, draiva za vifaa, seva, keneli (kiini cha mfumo endeshi), vitu vya namna hiyo. Nasema msimbo kwa makusudi, maana ukisema kodi hapa Ngamiani, Tanga, mtu anadhani mwenye nyumba kafika.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote. Bagi (kosa) ya thredi mara nyingi haimo kwenye mistari iliyobadilishwa. Imo kwenye mistari ambayo hakuna aliyeigusa, faili jingine kabisa, iliandikwa miaka mitatu nyuma na mtu ambaye keshahama. Difu inakuonyesha kufuli mpya mlangoni, haikuonyeshi dirisha la uani lililo wazi. Ndo maana hatua nyingi hapa chini zinakutoa nje ya difu, na ndo maana rivyu ya kwenye simu mimi siihesabu kuwa rivyu.

Vitu vya kuwa navyo

- Msimbo wote kwenye mashine yako, umeshaweka pachi juu yake na unajengeka. Kuangalia difu kwenye kivinjari haitoshi.
- Karatasi na kalamu. Sitanii, utaona hatua ya 2.
- Kompaila, gcc au clang. ThreadSanitizer, zana ya kunasa thredi zinazogusa data bila mpangilio, imo ndani ya clang tangu toleo la 3.2 na gcc tangu 4.8, kwa hiyo ya kwako karibu hakika inayo.
- gdb na valgrind, zana za kuchunguza programu ikiwa inaendeshwa.
- Mashine yenye prosesa ya ARM ukiweza kupata. Raspberry Pi inatosha, hata simu ya Android yenye Termux inasaidia. Sababu iko hatua ya 8.
- Saa moja ya utulivu. Mimi nafanya baada ya swala ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, we tafuta ya kwako, lakini usirivyu kufuli huku unajibu meseji.

Hatua zenyewe

1. Soma maelezo ya pachi kabla ya msimbo. Jiulize mwandishi anadai nini. "Nimerekebisha programu kukwama" ni dai, sasa ilikuwa inakwama wapi, nani alikuwa kashika nini? Kama maelezo hayasemi basi uliza hapo hapo kabla hujapoteza saa yako. Ukikuta dawa yenyewe ni `sleep(1)` au `usleep` ya namba fulani ya kubahatisha rudisha pachi, hiyo haikuondoa bagi, imeipunguzia tu nafasi ya kutokea mbele ya mwandishi na kuisogeza kwa mteja.

2. Chora jedwali. Karatasi, safu nne: data gani inatumiwa na thredi zaidi ya moja, inalindwa na kufuli ipi, nani anaiandika, nani anaisoma. Jaza kwa kila kitu ambacho pachi imekigusa. Safu ya pili ndo utakayoshindwa kuijaza mara nyingi, na pale uliposhindwa ndo pa kuanzia. Kufuli hailindi msimbo, inalinda data, hili watu wanalichanganya sana. Mtu anakwambia "fanksheni hii nimeifunga" na ukimuuliza umefunga ili kulinda nini anaanza kutafuta maneno.

Kama msimbo hauna maoni yanayosema kufuli fulani inalinda data fulani, omba yaongezwe kwenye pachi hiyo hiyo. Mstari mmoja juu ya strakti (pale data ilipotangazwa) unatosha. Kwa clang kuna hata alama ya `GUARDED_BY` ambayo ukiiwasha na `-Wthread-safety` kompaila inakulindia yenyewe, ni nzuri kuliko maoni maana maoni yanazeeka na kompaila haizeeki.

3. Toka nje ya difu. Kwa kila jina la data kwenye jedwali, tuseme `nafasi`, litafute kwenye faili zote hivi:

```
git grep -n nafasi
```

afu pitia kila jibu, moja moja, hata yale ya faili ambazo pachi haijazigusa. Unatafuta anayeisoma au kuiandika bila kufuli. Utakuta fanksheni ya ripoti, au ya kuzima programu, au ile ya takwimu ambayo mtu alisema "nasoma tu, siandiki". Kusoma tu bila kufuli wakati mwingine anaandika ni kosa vile vile, kwa C na C++ tangu matoleo ya 2011 hiyo ni tabia isiyofafanuliwa, kompaila ina ruhusa ya kufanya inachotaka. Siyo suala la "nitapata namba ya zamani kidogo".

Angalia pia data inayopitishwa kwa pointa, yaani anwani ya data badala ya data yenyewe. Fanksheni inafunga, inarudisha pointa ya kitu kilicho ndani, inafungua. Kila mstari ukiutazama peke yake ni sawa, lakini aliyepokea pointa yuko nje ya kufuli na anachezea kitu ambacho kililindwa. Grep haikuonyeshi hii moja kwa moja, lazima ufuate pointa inakoenda.

Hatua hii inachosha na ndo inayokamata bagi kuliko zote. Ukiwa na nusu saa tu ya kurivyu basi itumie yote hapa.

4. Hesabu milango ya kutokea. Kila palipofungwa kufuli, fuata kila njia ya kutoka: `return`, `goto`, `break`, njia ya kosa pale `malloc`, ile ya kuomba memori, ilipokataa. Kila moja iwe na kufungua. Njia za makosa ndo zinazosahauliwa maana hakuna anayezijaribu.

Kwenye C++ watu wanatumia `std::lock_guard` ambayo inajifungulia yenyewe, vizuri, ila kuna mtego mmoja umenila mwaka mzima: ukiandika `std::unique_lock<std::mutex>(m);` bila kuipa jina, hujafunga kitu. Umetangaza tu kigeu kipya kinachoitwa m, na myuteksi yenyewe haijaguswa. Inajengeka vizuri kabisa. Macho yanapita juu yake kama gari lisilo na taa.

Na mtu akitumia semafo (kihesabu cha kuruhusu thredi zipite) mahali pa myuteksi muulize kwa nini. Semafo haina mwenyewe, thredi yoyote inaweza kuiachia hata ambayo haikuishika. Jina lenyewe limetoka kwenye ishara za reli, Edsger Dijkstra ndiye aliyelileta kwenye kompyuta miaka ya 60. Sisi wa Tanga reli tunayo tangu ujenzi ulipoanza hapa 1893, njia moja tu, treni mbili hazikai kipande kimoja, kwa hiyo wazo lenyewe babu zetu wa stesheni walilijua kabla ya wote.

5. Andika mpangilio wa kufuli. Juma kashika funguo ya stoo anasubiri daftari, Mwanaisha kashika daftari anasubiri funguo ya stoo. Wote wana adabu, hakuna anayenyang'anya, watakaa hapo mpaka kiyama. Hiyo ndo dedloki na tiba yake ni moja: wote waanze na funguo kisha daftari.

Kwenye pachi tafuta kila mahali ambapo kufuli ya pili inashikwa huku ya kwanza bado iko mkononi. Andika mishale kwenye karatasi: A → B. Ukipata A → B sehemu moja na B → A sehemu nyingine, hata kama faili hazifahamiani, simamisha pachi.

Tahadhari kubwa ni kolubeki. Fanksheni inashika kufuli, kisha inaita pointa ya fanksheni aliyoileta mtu mwingine. Wewe hujui huyo mtu mwingine atashika nini ndani, au atarudi kukuita tena na kutaka kufuli ile ile. Ushauri wangu: nakili unachohitaji ukiwa ndani, fungua, ndo uite kolubeki. Pachi inayoita kolubeki ikiwa na kufuli mkononi mimi siipitishi mpaka nione maelezo marefu.

6. Tafuta "angalia kisha tenda". Hii wanafunzi wangu wote wanaikosa mara ya kwanza. Tuseme umeandika programu ya nafasi za magari kwenye kivuko cha Pangani kwenda Bweni:

```
pthread_mutex_lock(&kufuli);
int zilizobaki = nafasi;
pthread_mutex_unlock(&kufuli);

if (zilizobaki > 0) {
    pthread_mutex_lock(&kufuli);
    nafasi--;
    pthread_mutex_unlock(&kufuli);
    pakia(gari);
}
```

Kila kugusa `nafasi` kuna kufuli. Jedwali lako limejaa, grep safi, milango yote ya kutokea iko sawa. Na bado, ikibaki nafasi moja, thredi mbili zinasoma 1, zote zinaridhika, zote zinapakia, gari la pili linaenda majini. Tatizo ni kile kipande cha katikati ambapo kufuli imeachiwa, ulichokiona kabla ya kuachia siyo lazima kiwe kweli ukirudi.

Na ujue kabisa ThreadSanitizer hapa itakaa kimya, maana yenyewe inatafuta kugusa data bila mpangilio na hapa mpangilio upo. Ni akili yako tu. Kila ukiona kufuli inafunguliwa na kufungwa tena ndani ya fanksheni moja, weka kidole hapo uulize: uamuzi uliofanywa juu bado una nguvu huku chini? Mara nyingi pachi inayoleta kosa hili imeandikwa "nimepunguza muda wa kushika kufuli ili iwe na kasi", nia njema kabisa.

7. Kusubiri ishara, yaani thredi inalala mpaka mwenzake aiamshe. Umbo sahihi ni hili na halina mjadala:

```
pthread_mutex_lock(&kufuli);
while (foleni_tupu())
    pthread_cond_wait(&ishara, &kufuli);
chukua();
pthread_mutex_unlock(&kufuli);
```

`while`, siyo `if`. Thredi inaruhusiwa kuamka bila kuitwa na mtu, na hata ikiitwa kihalali mwenzake anaweza kumtangulia akachukua kilichokuwepo. Pia hakikisha anayebadilisha hali ya foleni anabadilisha akiwa kashika kufuli ile ile, la sivyo ishara inaweza kupita katikati ya kuangalia na kulala, na aliyelala haamki tena. Na kama wanaosubiri wanasubiri vitu tofauti kwenye ishara moja, `signal` ya mmoja inaweza kumwamsha asiyehusika, hapo inatakiwa `broadcast`, inayowaamsha wote.

8. Atomiki, yaani kigeu ambacho kukisoma au kukiandika hakukatwi katikati na thredi nyingine. Hapa nikae kidogo maana hapa ndo nilipoaibika.

Kuna kazi niliwahi kufanya ya mizani ya marobota ya mkonge. Thredi moja inasoma mizani, inajaza namba ya robota na uzito, afu inawasha bendera kwamba data iko tayari. Thredi ya pili inaona bendera, inasoma, inatuma. Bendera niliitangaza `volatile`, nikajiona mjuzi. Kwenye laptopu nimeijaribu siku mbili, hakuna kosa hata moja. Tukaipeleka kwenye Raspberry Pi 4, na mara chache sana, labda mara moja kwa siku, robota moja linatoka na uzito wa lililotangulia. Mteja anadhani karani anaiba. Karani wa watu, mzee wa heshima, ananiangalia tu.

Sababu: laptopu ilikuwa ya x86 (prosesa za Intel na AMD), na x86 haipangui mpangilio wa kuandika, ukiandika uzito kwanza na bendera baadaye wengine wanaona hivyo hivyo. ARM haikuahidi hivyo. Prosesa ya ARM inaruhusiwa kuonyesha bendera imewaka wakati uzito mpya bado haujaonekana upande wa pili. Na `volatile` haisaidii kitu, kazi yake ni kumwambia kompaila asiruke kusoma au kuandika kigeu hicho, haisemi neno kwa prosesa kuhusu mpangilio na vigeu vingine. Hata kwenye x86 nilikuwa na bahati tu, kompaila yenyewe ingeweza kusogeza uandishi wa uzito ukapita bendera.

Dawa ilikuwa mistari miwili: kuwasha bendera kwa `atomic_store_explicit` yenye `memory_order_release`, na upande wa pili kusoma kwa `memory_order_acquire`, hapo anayeona bendera imewaka lazima aone na uzito ulioandikwa kabla yake. Nikaenda kumwomba radhi yule mzee.

Kwa hiyo ukirivyu:

Ukiona `volatile` inatumika kupatanisha thredi, kataa. Kwa draiva inayosoma rejista za kifaa ni sawa, kwa thredi hapana.

Kila `release` itafutie `acquire` mwenzake, mwandishi akuonyeshe kwa kidole. Release isiyo na mwenza ni kama kubisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Ukiona `memory_order_relaxed`, isiyoahidi mpangilio na vigeu vingine, dai maoni yanayoeleza kwa nini inatosha. Kwa kaunta ya takwimu tu, sawa. Kwa bendera inayosema data nyingine iko tayari, si sawa. Mwandishi akisema "ni kwa ajili ya kasi" aonyeshe vipimo, na kama hana vipimo arudishe `seq_cst` ya kawaida, ile kali kuliko zote.

Na atomiki mbili haziwi moja. Kigeu `a` ni atomiki na `b` ni atomiki, kuzisoma zote mbili kwa pamoja siyo atomiki. Hii ni hatua ya 6 imevaa kanzu nyingine.

9. Nani anazika? Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na thredi ni hivyo hivyo, swali ni zikiondoka zimeacha nini na nani bado anakishika. Kwa kila kitu kinachofanyiwa `free` (kurudisha memori yake) uliza kama kuna thredi bado ina pointa yake. Kwa kila thredi iliyoanzishwa uliza nani anaifanyia `join` (kuisubiri imalize). Ikiwa imefanyiwa `detach` (imeachwa ijiendee) na inatumia kitu kilichoko kwenye staki (memori ya muda ya fanksheni) ya aliyeianzisha, umepata bagi.

Pachi za kuzima programu ndo mbaya zaidi. Zinavunja myuteksi wakati thredi nyingine bado iko ndani yake. Ukiona hesabu ya marejeo, yaani ya wangapi bado wanakitumia kitu, hakikisha hakuna anayeweza kuongeza kutoka sifuri, kitu kikishafika sifuri ni maiti, hafufuki.

10. Angalia kinachofanyika kufuli ikiwa mkononi. Kuandika diskini, kusubiri mtandao, kuchapa logi ndefu, yote yanawasubirisha wengine. Ndani ya keneli ni zaidi ya kuchelewesha: ukishika spinloki (kufuli ambayo anayeisubiri anazunguka badala ya kulala) huruhusiwi kulala, na kuomba memori kwa `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL` kunaweza kulala. Na kama kufuli hiyo hiyo inashikwa na mshughulikiaji wa intarapti (fanksheni inayoitwa kifaa kikikatiza CPU), msimbo wa kawaida lazima utumie `spin_lock_irqsave` inayozuia intarapti, vinginevyo intarapti inakuja juu ya CPU ile ile iliyoshika kufuli na inazunguka ikimsubiri mtu ambaye yenyewe ndo imemsimamisha.

Kwenye programu za kawaida angalia vitu viwili: mshughulikiaji wa signali (fanksheni inayoitwa mfumo ukiikatiza programu) asiite `printf` wala `malloc`, na `fork` (programu kujinakili) kwenye programu yenye thredi nyingi. Mtoto wa fork anazaliwa na thredi moja tu, ile iliyoita, lakini kufuli anazikuta kama zilivyokuwa. Iliyokuwa imeshikwa na thredi nyingine inabaki imeshikwa na marehemu.

Kama thredi zina vipaumbele tofauti kumbuka chombo cha NASA cha Mars Pathfinder, 1997: thredi ya chini kashika myuteksi, ya juu inasubiri, ya kati inamzuia wa chini kumaliza, na chombo kikawa kinajiwasha upya kule Mars. Walirekebisha kutoka duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye myuteksi, yaani aliyeishika anaazimwa kipaumbele cha anayeisubiri. Kwa pthread ni `PTHREAD_PRIO_INHERIT`.

11. Sasa endesha zana. Sasa, siyo mwanzo, maana ukianza nazo zikasema safi utakuwa mvivu wa kusoma.

```
gcc -g -O1 -fsanitize=thread -o jaribio *.c -pthread
./jaribio 2>&1 | tee matokeo.txt
```

Inapunguza kasi mara 5 mpaka 15 na memori inakula mara 5 mpaka 10, kwa hiyo usishangae laptopu ikipiga kelele. Anzisha thredi nyingi kuliko CPU ulizonazo, afu jaribu pia kuibana kwenye CPU moja kwa `taskset -c 0`, mpangilio unabadilika na vitu vipya vinatokea. Valgrind ina `--tool=helgrind`, polepole zaidi ila haihitaji kujenga upya.

Kwa keneli washa `CONFIG_PROVE_LOCKING`. Hiyo ni lockdep, imo tangu 2.6.18 ya mwaka 2006, na uzuri wake inakumbuka mpangilio wa kufuli na kulalamika hata kama dedloki yenyewe haijatokea, inatosha A → B itokee leo na B → A itokee kesho kutwa. Ongeza `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` kwa wanaolala na spinloki, na KCSAN kwa data kuguswa bila mpangilio.

12. Andika maoni kwa hadithi. Usiandike "hii siyo salama". Mwandishi atakujibu "mbona inafanya kazi" na mtabishana mpaka Ijumaa. Andika nani anafanya nini kwa mfuatano:

> Thredi A imesoma nafasi = 1, ikaachia kufuli. Thredi B imesoma nafasi = 1, ikapunguza, ikapakia. A inaendelea, inapunguza, nafasi = -1, inapakia. Naomba kuangalia na kupunguza viwe ndani ya kufuli moja.

Ukishindwa kuandika hadithi ya namna hii, basi labda bagi haipo, au hujaielewa bado. Sema wazi ni ipi kati ya hizo mbili, uliza kama swali. Na kama mwandishi ni mkubwa wako kiumri hakuna ubaya kuanza na shikamoo, hadithi itakata yenyewe.

Ukikwama

*ThreadSanitizer inakufa mara tu ikianza, inasema "unexpected memory mapping".* Ni keneli mpya inayotawanya anwani za memori kuliko zana ilivyozoea. Jaribu `sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28` au endesha kwa `setarch -R ./jaribio`.

*Zana ziko kimya lakini programu inaharibika.* Zana zinaona njia zilizopitwa tu. Kama testi yako haigusi njia ya kosa, hakuna atakayekwambia kitu. Rudi hatua ya 4 na ya 6.

*Nikiongeza printf bagi inapotea.* Kawaida kabisa. `printf` ina kufuli yake ya ndani na inachelewesha, zote mbili zinabadilisha mpangilio. Hiyo ni ishara nzuri kwamba ni bagi ya thredi. Andika matukio kwenye safu ya memori ya kila thredi peke yake, uyachape mwishoni.

*Programu imeganda sasa hivi mbele yangu.* Usiizime! Unaua ushahidi. `gdb -p` na namba ya prosesi, kisha `thread apply all bt`. Tafuta thredi zilizosimama kwenye `__lll_lock_wait` au futex, tazama kila moja inasubiri kufuli ipi, afu chapa kufuli hiyo, kwenye Linux ya glibc ndani ya `__data.__owner` kuna namba ya thredi iliyoishika. Mishale ikizunguka ikarudi ilikoanzia, umempata Juma na Mwanaisha.

*Pachi ina mistari 900.* Hairivyuliki. Omba ikatwe: kwanza kuhamisha msimbo bila kubadilisha tabia, kisha kufuli. Atanuna, acha anune.

*Mwandishi anasema msimbo huu umefanya kazi miaka.* Mkumbushe bagi ya usalama ya Dirty COW, CVE-2016-5195. Ilikaa ndani ya keneli ya Linux tangu 2.6.22 ya mwaka 2007, ikarekebishwa Oktoba 2016, miaka tisa hivi machoni pa watu wote, na ilikuwa ni suala la thredi mbili kupishana vibaya mpaka mtumiaji wa kawaida anaandika mahali asiporuhusiwa.

*Testi ya usiku kucha umeme umekatika saa nane.* Ndo maana niliweka `tee`. Kwa testi ndefu igawe vipande vya nusu saa kwa skripti, kila kipande na faili lake, na kila kipande kianze na mbegu yake ya bahati nasibu (namba inayoianzisha) iliyoandikwa juu ya faili, asubuhi unaendelea pale ulipoishia badala ya kuanza moja. Pi inakaa kwenye pawabenki usiku mzima, laptopu yangu hata masaa mawili haifikishi.